“Mume anavyo, mimi sina”: maswali yenu kuhusu CCR5

Mwezi uliopita niliandika jinsi virusi vya Ukimwi (VVU) vinavyoingia kwenye seli, na katikati ya makala nikataja CCR5 kwa sentensi mbili: kwamba ni kipokezi kinachokaa juu ya seli za kinga, na kwamba wako watu wachache duniani waliozaliwa bila kipokezi hicho, na VVU hushindwa kuwaingia. Sentensi hizo mbili zimeniletea ujumbe mwingi kuliko makala yote iliyobaki. Nimechagua maswali yafuatayo, nimefupisha marefu na kuondoa majina. Mimi ni mtu wa maabara, si daktari wa wodini, kwa hiyo swali la kubadilisha dawa au dozi nalirudisha kliniki kwako.

Shikamoo. Mume wangu ni mvuvi, anakaa visiwani wiki mbili tatu ndipo anarudi nyumbani. Aligundulika na VVU mwaka 2017, anatumia dawa. Mimi napima kila wanaponiita na sina. Tumezaa watoto wawili baada ya hapo. Mawifi zangu wanasema nina damu ngumu. Je, ni mmoja wa hao waliozaliwa bila CCR5? (Mama, Igombe)

Marahaba, mama. Uwezekano huo ni mdogo mno, karibu na sifuri. Ngoja nikueleze kwa nini, maana swali lako ndilo lililoulizwa na wengi.

CCR5 ni jeni iliyoko kwenye kromosomu ya 3, na jina hilo hilo hutumika kwa protini inayotokana nayo. Protini yenyewe ina amino asidi 352 na imepita kwenye utando wa seli mara 7, ikiingia na kutoka, hivi kwamba upande mmoja uko nje ya seli na mwingine ndani. Kazi yake ya kila siku haihusiani na Ukimwi hata kidogo. Mwili ukipata jeraha au maambukizi hutoa kemikali ziitwazo kemokini. CCR5 huzinasa, na seli ya kinga inajua iende wapi. VVU vimekuta kipokezi kipo na kazi yake, vikakitumia kama njia ya kuingilia.

Mwaka 1996 watafiti wa New York walikuwa wakichunguza watu waliokutana na VVU mara nyingi bila kuambukizwa. Mmoja wao, Mmarekani Stephen Crohn, alikuwa amempoteza mwenzi wake kwa Ukimwi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha akazika marafiki mmoja baada ya mwingine, huku yeye mwenyewe hana VVU. Seli zake zilipowekewa virusi maabara, virusi vilishindwa kuingia. Jeni yake ya CCR5, nakala ya baba na nakala ya mama pia, ilikuwa imepungukiwa herufi 32. Ndiyo sababu badiliko hilo huitwa delta 32. Protini inayotoka hapo ni kipande tu, haifiki juu ya seli.

Sasa, badiliko hilo lilitokea Ulaya maelfu ya miaka iliyopita na likabaki huko. Kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, karibu 1 kati ya 100 amelirithi kwa wazazi wote wawili. Kwa Waafrika ambao ukoo wao hauna mzazi kutoka Ulaya, halipo au ni la nadra kupindukia. Msukuma, Mkerewe, Mjita, Mhaya, Mjaluo: tumezaliwa na CCR5 nzima.

Basi kwa nini hujaambukizwa? Majirani zetu wa Rakai, Uganda, upande wa magharibi wa Ziwa Victoria, ziwa letu hili, wanatusaidia kujibu. Huko watafiti walifuatilia jozi 415 za wenza ambao mmoja ana VVU na mwenzake hana, kwa muda wa hadi miezi 30, na matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Wakati ule vijijini hakukuwa na ARV. Walioambukizwa na wenzao walikuwa 90. Yaani 325 walifika mwisho wa ufuatiliaji bila VVU, bila dawa, na bila delta 32. Kisha likaja jambo kubwa zaidi: kati ya wenye VVU waliokuwa na virusi chini ya 1,500 kwa mililita moja ya damu, na walikuwa 51, hakuna hata mmoja aliyemwambukiza mwenzake.

Kilichowalinda watu wale ni uchache wa virusi kwa mwenza. Wao waliupata kwa bahati. Mume wako anaupata kwa kidonge. Tafiti zilizofuata zimethibitisha kwamba mtu anayemeza dawa zake vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa tendo la ndoa. Kwa hiyo sifa wanazokupa mawifi zako, wampelekee kaka yao, anayekumbuka dawa hata akiwa kambini kisiwani.

Mambo mawili ya kufanya. Mwombe akuonyeshe majibu yake ya mwisho ya wingi wa virusi, na tarehe. Na wewe endelea kupima, maana siku dawa ikikatika, CCR5 yako ipo palepale, kama ya mtu mwingine yeyote.

Mimi nimeanza dawa mwaka 2009. Zamani kila nikienda CTC (kliniki ya VVU) walinipima CD4 na nilijua namba yangu kwa kichwa. Siku hizi ni wingi wa virusi tu. Je, CD4 na CCR5 ni kitu kimoja? Na mbona wamenipunguzia vipimo? (Msomaji, Mabatini)

Ni vipokezi viwili tofauti, na jeni zao ziko mbali: ya CD4 iko kwenye kromosomu ya 12. Kirusi kinavihitaji vyote viwili. Fikiria mtumbwi unafika Mwaloni, Kirumba: kwanza kamba inafungwa kwenye nguzo, ila hakuna anayeshusha ndoo ya dagaa mpaka mtumbwi uvutwe ubavu ugote kwenye gati. CD4 ndiyo nguzo. Kirusi kikishika CD4 kinajikunja, sehemu yake iliyokuwa imejificha inajitokeza, na hiyo ndiyo inayoshika CCR5. Hapo tu ndipo utando wa kirusi na wa seli vinapoungana.

Kuna kipokezi kingine kinachoitwa CXCR4 ambacho baadhi ya virusi hukitumia badala ya CCR5, hasa kwa mtu aliyekaa na maambukizi muda mrefu bila tiba. Lakini virusi vinavyovuka kutoka mtu kwenda mtu, karibu vyote ni vya CCR5. Nalitaja hili kwa sababu wapo wenye delta 32 kamili, wachache sana, ambao waliambukizwa kwa kupitia mlango huo wa pili. Hata huko Ulaya hakuna mwenye kinga ya asilimia mia.

Kuhusu vipimo: namba uliyokuwa ukiikariri ni idadi ya seli zenye CD4 katika tone dogo la damu. Damu yako kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau huchanganywa na kingamwili zilizotiwa rangi inayong'aa, nazo hung'ang'ania CD4. Kisha seli hupita moja moja mbele ya mwanga, na mashine inahesabu mng'ao. Mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 500 na 1,500 hivi. Chini ya 200 ni hali ya hatari. Enzi zile namba hiyo ndiyo ilikuwa inaamua nani aanze dawa. Tangu 2016 kila anayekutwa na VVU anaanza dawa bila kusubiri CD4 ishuke, na kinachotueleza kama dawa inafanya kazi ni wingi wa virusi. Hawajakupunja. CD4 bado inapimwa kwa anayeanza dawa, anayerudi baada ya kuacha, na mgonjwa aliyedhoofu.

Kundi langu la damu ni O. Ni kweli watu wa O hawapati VVU? (Dereva, Igoma)

Hapana, kaka. Hakuna kundi la damu linalozuia VVU. A, B, O ni alama za kwenye chembe nyekundu, na VVU havina shughuli na chembe nyekundu. Vinatafuta seli nyeupe zenye CD4 na CCR5, ambazo watu wa makundi yote wanazo.

Nadhani uvumi huu umezaliwa na ukweli wa malaria. Mwenye kundi O ana nafuu kiasi dhidi ya malaria kali, hilo linajulikana. Na kuna jeni nyingine, ya Duffy, ambayo ni ndugu wa mbali wa CCR5 kwa sababu nayo hutengeneza kipokezi cha kemokini. Wengi wetu katika sehemu hii ya Afrika tumerithi aina yake inayokifanya kipokezi hicho kisitokee kwenye chembe nyekundu, na kwa hiyo malaria ya vivaksi, inayosumbua sana India, hapa kwetu haipati pa kuingilia kwa urahisi. Malaria ya kanda ya ziwa ni ya falsiparamu, na hiyo haihitaji mlango huo. Kwa hiyo kinga ya kurithi ipo, na sisi tunayo, ila ni ya ugonjwa mwingine.

Habari za kazi, mkuu. Watu wa tohara walikuja mwaloni kwetu wakasema ukitoa mkono wa sweta unapunguza kupata VVU kwa asilimia 60. Wazee wanasema Wasukuma hatukuwa na mila hiyo na watu waliishi. Inahusiana vipi na hicho kipokezi chako? (Mvuvi, Kayenze)

Inahusiana sana, na nashangaa kwa nini watu wa kampeni hawalielezi hili, maana vijana wa mwaloni wanapenda kuambiwa sababu.

Sehemu ya ndani ya govi ni laini, na chini yake kuna seli nyingi za kinga zenye CD4 na CCR5, zikiwa karibu na juu. Ngozi ya nje ni ngumu zaidi na seli hizo ziko ndani zaidi. Ukiondoa govi umeondoa sehemu ambayo kirusi kingekutana na vipokezi vyote viwili bila kusafiri mbali. Majaribio makubwa matatu yalithibitisha, moja Afrika Kusini na mawili kando ya ziwa letu, Kisumu na Rakai, kati ya 2005 na 2007: maambukizi mapya kwa wanaume waliotahiriwa yalipungua kwa asilimia 50 hadi 60. Namba hiyo ni ya mwanaume kuambukizwa na mwanamke. Asilimia 40 hadi 50 iliyobaki ni kubwa, kwa hiyo kondomu inabaki. Na kidonda kinahitaji takriban wiki 6 kupona. Anayerudi kwenye tendo la ndoa kabla ya hapo amejifungulia mlango mpana kuliko aliokuwa nao.

Wazee wako sahihi kwamba mila haikuwepo. VVU navyo havikuwepo. Wagonjwa wa kwanza nchini waligundulika Kagera mwaka 1983, ng'ambo tu hapo.

Lakini nataka kukuongezea mambo mawili ambayo hukuyauliza, kwa sababu yanafanyika kwenye mialo kila siku na yote yanapitia kwenye CCR5.

La kwanza ni magonjwa ya zinaa. Kati ya 1991 na 1994 hapa mkoani Mwanza ulifanyika utafiti ambao mpaka leo unasomwa duniani kote. Jamii 12 zilihusishwa: katika 6, zahanati na vituo vya afya viliboreshewa tiba ya gono, kaswende na wenzake, watumishi wakafundishwa na dawa zikahakikishwa zipo, 6 nyingine zilisubiri. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1995, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa yamepungua kwa karibu asilimia 40 kwenye jamii zilizoboreshewa. Kidonda cha kaswende ni ngozi iliyochanika, hilo kila mtu analielewa. Gono haichani ngozi kwa namna hiyo, ila pale penye usaha mwili umemwaga kemokini, na kemokini zimeita seli zenye CCR5 zijazane palepale. VVU vikifika vinakuta umati.

Haki inanidai niseme pia: utafiti uliofuata Rakai, wa kugawa dawa kwa watu wote kwa mpigo, haukuona punguzo hilo, na wataalamu walibishana miaka mingi kwa nini. Maelezo ninayoyaona yana uzito ni kwamba Rakai VVU vilikuwa vimeshaenea sana, na vidonda vingi kule vilikuwa vya malengelenge ya virusi ambayo dawa zile hazitibu. Na Mwanza tiba ilikuwepo zahanati kila siku, mtu akiumwa leo anatibiwa leo. Kwa mvuvi mmoja mmoja ubishi huo haubadilishi kitu: ukiwashwa au ukitoka usaha, nenda zahanati siku hiyo, na mwenza wako aende.

La pili ni kichocho. Wewe unajua kazi ilivyo: maji mapajani wakati wa kusukuma mtumbwi, na akina mama wanaosuuza dagaa pembeni wakiwa wameinama ziwani. Kichocho cha tumbo kimejaa kwenye fukwe na visiwa vyetu. Cha mkojo kiko zaidi bara, kwenye madimbwi na majaruba ya mpunga. Mwaka 2003 watafiti walichapisha vipimo vya wagonjwa wa kichocho cha tumbo nchini Kenya. Walikuta seli zao za kinga zina CCR5 na CXCR4 nyingi zaidi juu yake kuliko zilizokuwa nazo watu hao hao baada ya kupewa dawa. Kwa mwanamke kuna ziada: mayai ya kichocho, hasa cha mkojo, hukwama kwenye mlango wa kizazi na kuacha vidonda na damu, na mara nyingi hutibiwa kama ugonjwa wa zinaa, akanyooshewa kidole nyumbani bila kosa.

Ugawaji wa prazikwanteli mara nyingi unalenga watoto wa shule, na ni jambo jema. Ningekuwa na sauti kwenye vikao, dawa ingefika pia mwaloni, kwa wavuvi na kwa wanawake wa dagaa, kwa sababu hao ndio wanaoingia majini tena kesho yake. Wewe usisubiri kampeni. Ulizia zahanati, hupimwa urefu au uzito wako kujua idadi ya vidonge, na ni vyema uwe umekula.

Kijana wangu, nimesikia redioni kuna mtu Ujerumani alipona kabisa Ukimwi kwa kubadilishiwa damu ya mtu asiye na CCR5. Hospitali ya Bugando hapa Mwanza wanashindwa nini? (Mzee, Nansio)

Shikamoo mzee wangu. Habari uliyoisikia ni ya kweli, ila alibadilishiwa uloto, ule uliomo ndani ya mifupa ambao hutengeneza damu.

Alikuwa Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyeishi Berlin. Alikuwa na VVU tangu 1995, kisha mwaka 2006 akapata saratani ya damu. Saratani ndiyo iliyolazimisha upandikizaji. Daktari wake, Gero Hütter, akapata wazo: maadamu tunatafuta mtu wa kumtolea uloto, tutafute mwenye delta 32 pande zote mbili. Akapatikana. Brown alipandikizwa mwaka 2007, saratani ikarudi, akapandikizwa tena 2008. Aliacha ARV na virusi havikurudi hadi alipofariki mwaka 2020, kwa saratani ile ile. Wa pili kujulikana sana ni Adam Castillejo wa London, ambaye habari yake ilitangazwa 2019. Baada yao wameongezeka wachache. Bado unaweza kuwataja mmoja mmoja. Na mmoja wa Geneva amekaa bila virusi ingawa aliyemtolea uloto alikuwa na CCR5 ya kawaida, kwa hiyo jambo lenyewe lina tabaka zaidi ya delta 32.

Kupandikiza uloto kunahitaji kwanza uue uloto wa mgonjwa kwa dawa kali au mionzi. Kwa wiki kadhaa hana kinga yoyote, na baadaye seli za mgeni zinaweza kuushambulia mwili wenyeji. Sehemu ya wagonjwa hufariki kwa tiba hiyo yenyewe. Kwa mwenye saratani ni kamari yenye maana. Kwa mtu mwenye VVU anayelima, anayevua, anayemeza kidonge 1 kwa siku na kuona wajukuu, ni kumtoa kwenye nyumba nzima na kumpeleka kwenye moto. Tena mtoaji mwenye delta 32 pande zote, anayelingana na mgonjwa wa kwetu kwa alama za mwili, utampata wapi?

Nchini upandikizaji wa uloto umeanza, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, kwa watoto wenye selimundu. Kanda ya ziwa yenye watoto wengi wa selimundu kuliko maeneo mengi ina kila sababu ya kuutaka ufike Bugando kwa ajili yao.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, mchepuo wa PCB. Kama tatizo ni jeni moja tu, kwa nini wasiikate kwa watoto kabla hawajazaliwa ili kizazi kijacho kisipate VVU? (Nyamagana)

Mdogo wangu, kuna aliyejaribu. Novemba 2018 mwanasayansi wa China, He Jiankui, alitangaza kwamba wamezaliwa mapacha wa kike ambao jeni yao ya CCR5 aliihariri wakiwa viinitete. Dunia ilimlaani, na Desemba 2019 mahakama ya Shenzhen ilimfunga miaka 3. Aliachiwa 2022.

Soma kilichokosewa, maana utakutana nacho chuoni. Baba alikuwa na VVU na mama hana. Njia za kuzaa mtoto asiye na VVU kwa wenza wa namna hiyo zipo, rahisi, na zinatumika kila wiki kwenye kliniki za hapa Mwanza. Hakukuwa na ugonjwa wa kutibu. Pili, mikato yake haikuwa delta 32. Ilikuwa mabadiliko mapya ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuishi nayo, na hayakuingia sawasawa kwenye seli zote. Tatu, watoto hawakuulizwa, nao watawarithisha watoto wao mabadiliko hayo.

La nne ndilo linalotuhusu zaidi sisi wa Afrika Mashariki. CCR5 ina kazi. Wasiokuwa nayo kabisa huugua vibaya zaidi wakipata virusi vya West Nile, vinavyoenezwa na mbu. Jina hilo limetokana na wilaya ya West Nile huko Uganda, ambako viligunduliwa mwaka 1937. Ukiwaondolea CCR5 watoto watakaokua kandokando ya ziwa lenye mbu kama letu, unakuwa umewapunguzia mzigo gani na kuwaongezea upi? Hesabu hiyo hakuna aliyeifanya.

Kuhariri seli za mtu mzima aliyeridhia, ambazo hatazirithisha kwa mtoto, ni habari nyingine, na majaribio yamefanyika Marekani tangu 2009. Ukipenda njia hiyo, soma baiolojia kwa bidii na usiidharau hesabu.

Hizi TLD tunazopewa ndizo zinazoziba CCR5? (Msomaji, Sengerema)

Hapana. TLD ni dawa tatu ndani ya kidonge kimoja: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Mbili za kwanza hukizuia kirusi kunakili maelezo yake kikishaingia kwenye seli, na ya tatu hukizuia kujichomeka kwenye jeni zako. Zote zinafanya kazi ndani, mlango umeshapitwa.

Dawa inayokaa kwenye CCR5 yenyewe ipo, inaitwa maraviroki, iliruhusiwa Marekani na Ulaya mwaka 2007. Haikuenea. Inamezwa mara 2 kwa siku, na kabla ya kumpa mtu lazima upime kama virusi vyake vinatumia CCR5 au CXCR4, kipimo ambacho ni ghali. TLD haiulizi mlango upi. Mimi sioni tulichokikosa.

Kwa kuwa uko karibu na vivuko na huenda unasafiri: omba dawa za miezi mingi kama hali yako imetulia, CTC wanatoa. Kisiwani chupa iwekwe kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na maji ya mtumbwi na jua la mabati.

Kuna jamaa Buzuruga anapima “damu ngumu” kwa shilingi elfu hamsini, anasema ana mashine ya CCR5. Niende? (Kijana, Nyakato)

Usiende. Kipimo halisi cha delta 32 husoma jeni kwenye maabara ya vinasaba, hakifanywi kwa kutoboa kidole dukani, na hakuna kliniki ya VVU nchini inayokihitaji ili ikuhudumie. Hata ukipimwa kihalali, jibu la Mtanzania wa kawaida najua litakuwaje kabla hujatoa damu.

Kipimo cha VVU ni bure kwenye kituo chochote cha serikali, na vile vya kujipima mwenyewe vipo. Ukikutwa huna na maisha yako yana hatari, waambie bila aibu, uulizie dawa kinga, ile wengi wanaiita PrEP. Nayo ni bure.